Nilimwacha Mama Mkwe Nchi Kavu

Mlionisoma wiki iliyopita mnajua mliniacha wapi: mezani, kijiko mkononi, uongo umeshanitoka mdomoni na hauna njia ya kurudi.

Kwa aliyechelewa nitasema kwa kifupi. Korona ilipoingia, mume wangu alimleta mama yake kwetu kwa sababu hakutaka mzee akae peke yake akiongea na madirisha. Tulidhani ni wiki chache. Mama akachukua chumba cha pacha wetu, pacha wakahamia chumbani kwetu na godoro lao. Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine, na godoro bado liko chini ya miguu yetu.

Kisha meli za starehe zikaruhusiwa tena kutoka bandarini, nusu ya abiria, kwa masharti: chanjo, kipimo cha pua, barakoa, kila familia na meza yake. Mume wangu akasema twende sote watano, siku tatu tu tupumue. Akanituma kwa wakala wa safari nikaulizie. Nikarudi nikasema kampuni haipokei mtu aliyevuka miaka sabini. Masharti ya afya.

Haikuwa kweli hata chembe. Dada wa wakala hakutamka neno kuhusu miaka. Nilitaka siku tatu bila mama mkwe, basi.

Msomaji mmoja ameniandikia akaniita chatu. Asome na haya ya leo, huenda akanitafutia mnyama mwingine.

Nilitegemea Mama atanuna. Angenuna ningepona. Huyu ni mwanamke aliyepikia bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi, na wasichana wale walimwita Kamanda. Mimi na wifi yangu tulimwita hivyohivyo akiwa hasikii. Mpaka leo hajui kupika chakula cha watu watano. Sufuria ikitoka jikoni kwangu utadhani kengele italia na mabinti mia watapanga foleni. Hajui kuongea taratibu, hajui kupita kwenye kochi bila kulinyoosha kitambaa.

Lakini hakununa. Mume wangu ndiye aliyefoka.

"Mama alikuwa wa kwanza mtaa huu kuchanjwa," alisema. "Wa kwanza. Mimi mwenyewe nilisubiri nione kama atadondoka. Sasa wanamkataa kwa lipi?"

"Sheria ni sheria, mwanangu," Mama akamjibu. "Mimi nimewafungia wasichana chakula kwa kuchelewa dakika moja. Leo nilalamike?"

Kuanzia siku ile akajipa kazi ya kutuandalia safari. Alitoa cherehani yake chini ya kitanda akatushonea barakoa za kitambaa kimoja, mbili kwa kila mtu, ili pacha wasipotee kwenye umati. Aliwafundisha wakae na barakoa nusu siku nzima bila kuigusa. Mdogo, aliyezaliwa dakika chache nyuma ya mwenzake, alilia kwamba inamwasha.

"Iache ikuwashe," Mama akamwambia. "Huko melini ukiivua wanakurudisha, na mimi nataka mwende mkaone kwa niaba yangu."

"Tuone nini, Bibi?"

"Nchi kavu ikiwa mbali. Nimeishi miaka yote nikiiona kwa karibu."

Nilikuwa naanika nguo. Nilijifanya sikusikia.

Mimi nafanya kazi duka la miwani. Mwaka ule kilio cha wateja kilikuwa kimoja: barakoa inatia ukungu kwenye vioo, hawaoni. Nami kutwa nzima nawaeleza, bana hapa puani, shusha fremu kidogo, utaona vizuri. Narudi nyumbani namkuta yule mama anapiga pasi suruali zangu za safari. Nashindwa kumtazama usoni.

Bado sikusema. Nawaambia ukweli wote: nilikuwa nahesabu safari itafika, itapita, na mambo yatasahaulika.

Jumanne nikawa naosha kuku jikoni, mikono imejaa utumbo. Mama alikuwa anamenya viazi. Simu yangu ikaita pale mezani.

"Nipokelee, Mama," nikasema. Nilidhani ni wifi.

Mama sikio lake moja limechoka. Simu zote hupokea kwa kipaza sauti. Akabonyeza.

"Habari za mchana, naongea na Mama Pacha?" Nikaijua sauti ile. Ilikuwa ya dada wa wakala.

"Niko na Mama Pacha hapa. Mimi ni mama mkwe wake. Sema tu, anasikia."

"Oo, Bibi mwenyewe. Basi vizuri, maana nilikuwa napiga kwa ajili yako. Alipokuja mara ya kwanza kuulizia watu watano, niliwashikia vyumba viwili. Juzi kalipia chumba kimoja cha watu wanne, akasema Bibi haji. Sasa vile viwili bado nimeviweka, nataka kujua niviachie?"

Maji yalikuwa yanatiririka juu ya kuku.

"Mtu wa umri wangu anaruhusiwa?" Mama akauliza.

"Kwa nini asiruhusiwe? Uwe umechanjwa na upime kama wenzako, basi. Tena kwenu ingekuwa rahisi. Watoto hawaruhusiwi kulala bila mtu mzima, kwa hiyo wewe na wajukuu mngekuwa chumba kimoja, mtu na mkewe chumba chao. Wanne ndiyo inawabidi walale wote pamoja."

Naomba mnielewe hapo. Nilichokuwa natafuta ni mlango wa kufunga. Usiku mmoja, au mbili, mimi na mume wangu bila pumzi za watu wengine. Kwa kumtoa Mama nilikuwa nimelinunua lilelile godoro la pacha miguuni, safari hii likiwa linaelea.

"Asante, mwanangu," Mama akasema. "Viachie tu."

Akakata simu. Akachukua kiazi kingine.

Nilifunga bomba. Kisu cha Mama kikawa kinakwaruza kiazi.

"Ulitaka chumba," akasema, bila kuinua macho.

Nikamgeuza kuku.

"Ungeniambia. Ningekwenda kwa binti yangu wiki mbili. Au ningelala sebuleni. Mimi nimelala storini kwenye magunia ya unga, Mama Pacha. Sebule kwangu ni hoteli."

"Mama, naomba..."

"Kuku anakauka."

Nilimaliza kuosha kuku yule nikilia kwa pua, maana mikono ilikuwa michafu siwezi kujifuta.

Nilijua hukumu yangu ingesomwa jioni. Baba Pacha ni fundi wa lifti, hurudi na mafuta hadi masikioni, naye siku hiyo alirudi na shari. Kabla hajakaa akasema kesho anaomba ruhusa kazini, anakwenda kwa wale mawakala, anataka waonyeshe ni wapi imeandikwa kwamba mama yake hafai.

Nikaweka sahani chini. Nikamtazama Mama. Naye alikuwa ananitazama.

"Usiende," akamwambia mwanawe. "Wameshapiga simu leo. Wamelegeza. Mzee anaruhusiwa."

"Si ndiyo nilisema? Basi unakwenda."

"Siendi. Mimi ndiye sitaki. Nimefikiria, meli inayumba, na tumbo langu si la kuyumbishwa. Nitabaki nifue mapazia."

"Mama, wewe tumbo lako linasaga mawe."

"Nimesema sitaki. Pakua wali."

Mume wangu akapakua wali. Kamanda alikuwa ameamuru.

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kupigwa kofi na mama yangu mzazi mbele ya wageni. Hakuna kilichoniuma kama kukaa pale nikitetewa. Kila nikiinua kijiko naona haya ya kumeza.

Kesho yake niliondoka dukani wakati wa chakula nikakimbia kwa wakala. Ofisi yao ni ya chumba kimoja, vioo mbele, viti visivyoruhusiwa kukaliwa vimefungwa utepe mwekundu, na kwenye meza ya dada yule limesimamishwa kioo cha plastiki chenye tundu dogo kama la kukatia tiketi. Nikainamia tundu.

"Nataka vile vyumba viwili."

"Nimeviachia jana, mama. Bibi alisema."

"Basi hata kitanda kimoja."

"Meli inakwenda nusu, unajua. Nusu yenyewe imejaa. Wapo watu hapa wananipigia kila saa." Alinionea huruma, nadhani aliona macho yangu. "Ninachoweza ni kubadilisha jina. Mmoja wenu akiacha, Bibi akaingia nafasi yake. Apime kesho, majibu keshokutwa asubuhi, jioni mnaondoka."

Sikufikiri. Au nilifikiri haraka kuliko nilivyozoea.

"Toa jina langu," nikasema.

"Lako wewe? Na mume?"

"Mume ni mtoto wake. Toa langu."

Nilipotoka pale nilijisikia mwepesi. Ndiyo mara ya kwanza wiki nzima nilivuka barabara nikiwa nimeinua kichwa. Nilijiona mtu mwema, nawaambia bila kuficha. Nilikuwa nimesahau kwamba wema wangu ulihitaji maelezo nyumbani, na mimi maelezo niliyonayo ni ya aina moja.

"Bosi amenifutia likizo," niliwaambia jioni. "Mwenzangu wa kaunta amewekwa karantini, hakuna wa kushika duka. Nimekwenda kwa wakala, wamekubali Mama achukue nafasi yangu."

Pacha wakaruka juu ya kochi. Mkubwa akaenda kumvuta Bibi mkono. Baba Pacha akanishika bega akasema, "Pole, mke wangu. Nilitaka twende na wewe." Akasema kwa sauti ndogo, na mimi moyo ukanyong'onyea, kwa sababu sikujua kama naye alikuwa anautaka ule mlango.

Mama alinifuata koridoni nikienda kutandika.

"Mwenzako yuko karantini?"

"Ndiyo, Mama."

"Mama Pacha."

"Hayuko karantini."

Akashusha pumzi. "Umeongeza mwingine."

"Nataka uende ukaone. Nimekosa, sijui nirekebishe vipi. Nimepata hiyo njia moja."

"Njia ilikuwa kumwambia mumeo."

"Atanichukia."

"Atakasirika. Watu hukasirika wakala wakalala." Akanitazama kwa muda. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niolewe: alininyooshea kola ya blauzi, kama anavyowanyooshea pacha. "Sawa. Nitakwenda. Lakini nikirudi tutakaa sisi watatu, na wewe ndiye utakayeongea. Siwezi kula na mtu ninayemfichia."

Nikakubali. Ningekubali hata kupakwa rangi.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka kupima. Turubai jeupe lilifungwa nje ya geti la bandari, foleni ya watu waliotengana hatua mbili mbili, kila mmoja na bahasha yake. Mama alivaa gauni la kitenge la kwendea harusini. Aliyepima alikuwa kijana aliyejifunika plastiki mwili mzima, akamwambia ainue kichwa.

"Unaingiza mpaka wapi?" Mama akamuuliza.

"Mpaka mwisho, Bibi."

"Mwisho wa pua au mwisho wangu mimi?"

Foleni nzima ikacheka. Alipotoka macho yanamtoka machozi, akanishika mkono njia nzima mpaka kituoni. Alinisimulia habari za bweni ambazo hakuwahi kunisimulia. Kuna msichana aliyemwibia mkate, akamfanya msaidizi wake jikoni, na sasa ni hakimu. Nikawaza, mwaka na zaidi nimeishi na huyu mtu, sijawahi kumuuliza kitu isipokuwa chumvi iko wapi.

Tulifika nyumbani tukicheka. Nikafungua mlango nikaacha kucheka.

Baba Pacha alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi na ovaroli la kazi. Saa zile hawi nyumbani.

"Watoto wako wapi?" nikauliza.

"Nimewapeleka kwa jirani."

"Kuna nini?"

Alimtazama mama yake. "Mama, nenda kapumzike kidogo."

"Sijachoka," Mama akasema, akasimama palepale mlangoni na barakoa yake usoni.

"Haya." Akanigeukia. "Nimetoka dukani kwenu. Nilikwenda kumwomba bosi wako, daktari wenu wa macho. Nilijipanga, nikapiga hata mswaki mara ya pili. Nikamwambia, daktari, naomba mke wangu, siku tatu tu, nitakuja kukaa mimi kaunta kama ni lazima. Unajua amenijibu nini?"

Nilijua.

"Amesema likizo alikupa mwezi uliopita na hajaifuta. Yule mwenzako wa karantini ndiye aliyenikaribisha kiti. Mzima, anatafuna karanga."

Nikaegemea ukuta.

"Nikasema labda nimeelewa vibaya. Nikarudi, nikafungua sanduku, nikitafuta sijui nini. Nikakuta umetoa nguo zako. Sawa, huendi. Lakini hii ilikuwa chini ya godoro letu."

Akaishika kwa vidole viwili. Gauni langu la kulalia, jipya, jeusi, karatasi ya bei bado inaning'inia. Nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya melini, siku ileile niliyodanganya.

Mbele ya mama yake. Nilitamani sakafu inimeze.

"Mwaka mzima unalala na fulana yangu ya mpira," akasema. "Leo sisi tunaondoka, wewe unabaki na nyumba tupu, na umenunua hii. Sikupigi, sikufokei. Nauliza tu. Ni nani?"

Mnaona nilipofika. Ningeweza kumwambia hakuna mtu, lakini angeuliza basi unabaki kwa nini. Kulijibu hilo ni kuanzia mwanzo, kwenye miaka sabini, kwa mama yake.

Nami nikapima. Katika yote niliyoandika hapa, hilo ndilo ninaloona haya kulisema kuliko mengine. Nilisimama pale nikapima lipi afadhali, anidhanie nina bwana, au ajue nilimtupa mama yake. Kwa muda fulani, kifupi lakini upo, bwana alishinda. Bwana hayupo, nikawaza, atathibitishwaje? Baada ya miezi atachoka kumtafuta.

"Ni mimi," Mama akasema.

Alikuwa ameshavua barakoa. Aliingia mpaka katikati ya chumba.

"Kaa vizuri, mwanangu, utavunja kochi. Ni mimi niliyemwambia abaki. Nilitaka niwe na wajukuu zangu bila yeye kuniingilia. Nikamwambia atafute sababu ya kukwambia. Hilo gauni ni la kwenu wawili tukirudi, na wewe umeliharibu kwa upelelezi wako."

Hakupepesa jicho. Kwa sauti ile wasichana mia waliamini kwamba nyama imekwisha.

Mume wangu akalegea mabega. Akanitazama, kisha akamtazama yeye, na niliona hasira inahama. "Mama," akasema, "kwa nini umfanyie hivyo? Alikukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Umemtoa kwenye safari yake mwenyewe. Amekupa kitanda chake, bado ananifichia mimi kwa ajili yako. Wewe ni mama yangu, lakini hilo si jambo zuri."

Mama alipokea. Aliinamisha kichwa, yule ambaye sijawahi kumwona ameinama isipokuwa kwa kuokota kitu, akapokea maneno ya mwanawe kwa kosa langu mimi.

Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Ningenyamaza, jioni tungekula, kesho wangepanda meli, na mimi ningebaki nyumbani nikionewa huruma.

"Ni kweli hayo?" Baba Pacha akaniuliza.

Nyuma yake Mama alinitikisia kichwa, kidogo sana. Usiseme.

"Si kweli," nikasema. "Mama anakudanganya. Tangu Jumanne anakudanganya, na kila mara ni kwa ajili yangu."

Baba Pacha akaliweka lile gauni mezani, akalikunja polepole, upande juu ya upande, kama mtu anayekunja nguo ya mgeni. Kisha akavuta kiti, akamkalisha mama yake. Akavuta kingine, akakaa yeye.

Mimi hakunivutia.

"Haya," akasema. "Sema wewe."